Pointi 10 si barua ya ajira

Makala imeeleza vizuri malalamiko ya askari wa zamani wa Marekani wanaokosa kazi serikalini, lakini inamwacha msomaji akidhani kwamba sheria ya mwaka 1944 ya kuwapa upendeleo katika kuajiriwa serikalini inawahakikishia ajira, jambo ambalo si kweli. Mfumo wake wa alama humwongezea pointi 5 mwombaji ambaye tayari amefaulu tathmini ya kazi, au 10 iwapo alipata ulemavu kutokana na utumishi wake. Asiyefikisha alama 70 haongezewi chochote. Wala haki hiyo haihusu upandishaji vyeo wa ndani. Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni wasifu: mtu anaandika tu kwamba alikuwa sajini wa ugavi, bila kueleza kwamba alisimamia ghala, magari na hesabu za vipuri, kisha anasahau kuambatisha fomu ya DD-214 inayoonyesha namna alivyoachishwa jeshi. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioingia katika jeshi hilo kwa grini kadi (nao si haba) wazingatie pia kwamba nafasi nyingi za serikali kuu hutaka uraia, hivyo ni vyema waushughulikie wakiwa bado wamevaa sare.