Barua ya mionzi iende nyumbani na mgonjwa

Mzee anayepanda basi Dar es Salaam kurudi Mbeya, baada ya upasuaji wa saratani ya tezi dume na baadaye mionzi, anapaswa kuwa na karatasi inayoeleza alipigwa mionzi sehemu gani, kiasi gani, na ilianza na kuisha lini. Kwangu karatasi hiyo ina uzito sawa na dawa. Wazee ninaowafahamu huku kwetu walirudi bila kuwa nayo.

Baada ya upasuaji, PSA kwenye damu, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, inatakiwa ishuke hadi karibu na sifuri. Ikipanda tena na kufika nanogramu 0.2 kwa mililita, madaktari wengi huanza kuzungumzia mionzi. Inaelekezwa pale tezi ilipokuwa, mara nyingi jumla ya grei (kipimo cha mionzi) 64 hadi 70, kidogo kidogo kwa wiki 6 au 7. Jirani zake ni kibofu na utumbo wa haja kubwa, na hakuna mashine inayovikwepa kabisa.

Kuharisha na mkojo kuchoma wakati wa matibabu kwa kawaida hupita. Yanayochelewa ndiyo yanayotukuta huku milimani tukiwa hatuna habari. Baada ya miezi sita, miaka miwili, hata kumi, vimishipa vidogo vya damu vinaziba, nyama inakakamaa, na vimishipa vipya vinavyoota ni dhaifu, vinavuja. Wengi hawapati madhara makubwa, na simshauri mtu akatae mionzi. Imeokoa wengi. Lakini atakayeyapata atayapatia kijijini.

Baba yangu mkubwa, mkulima wa ndizi Tukuyu, alianza kuona damu chooni miaka mitatu baada ya mionzi. Kwenye daftari lake la zahanati, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, liliandikwa neno moja: bawasiri. Mkojo ulipokuja mwekundu, ikaandikwa kichocho. Simlaumu aliyeandika, kwa sababu daftari halikuwa na mstari hata mmoja kuhusu mionzi, na mzee hakuona uhusiano wa mambo ya zamani na damu ya leo.

Hatari iko hapo. Utumbo uliopigwa mionzi hauponi kama mwingine. Akifanyiwa upasuaji wa bawasiri, au akikatwa kinyama cha kupima bila sababu nzito, kidonda kinaweza kugoma kufunga, hata kutoboka tundu hadi kwenye njia ya mkojo. Damu hiyo lazima ichunguzwe, maana inaweza pia kuwa saratani nyingine, ila achunguze anayejua historia.

Na kuna mkojo usiozuilika. Mila ya Kinyakyusa inataka mkwe wa kike na baba mkwe wakwepane. Sasa fikiria mzee anayeishi kwa mwanawe, shuka zimelowa, na anayefua ni mke wa mwanawe. Baba mkubwa alikuwa anaamka alfajiri kuzianika mwenyewe nyuma ya migomba, kwenye baridi ile ya Juni. Hakuna aliyemfundisha mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kama mtu anayezuia haja ndogo, yanayowasaidia wengi. Wala hakuna aliyemwambia yeye na mama mkubwa kwamba nguvu za kiume zinaweza kuendelea kupungua kwa miaka. Waliyabeba kimya, kila mmoja upande wake wa kitanda.

Kwa hiyo hospitali zinazotoa mionzi zimpe kila mgonjwa barua hiyo kabla hajafungasha, tena kwa Kiswahili, na iseme wazi ni dalili zipi zimrudishe kwa daktari. Kama baba yako ameshatibiwa na barua haipo, pigeni simu alikotibiwa mkiwa na namba ya faili, ombeni muhtasari wa matibabu. Ukifika, ubaneni kwa pini ukurasa wa kwanza wa daftari lake, na kila mtoto abaki na picha yake kwenye simu.