Alama Moja Imeniponza

Jana usiku hapa Mtwara niliendesha skripti (programu fupi) ya lugha ya Python ya kujumlisha uzito wa magunia ya korosho, matokeo nikayaelekeza kwenye faili kwa alama ya >. Skrini kimya, nikajua kazi inaandikwa. Umeme ukakatika, kompyuta ya mezani chali. Kufungua faili: tupu, hata sifuri hamna! Kumbe matokeo yakielekezwa kwenye faili, Python huyalimbikiza kwanza kwenye kumbukumbu. Ningeweka -u kwenye amri ya kuiendesha, yangeandikwa papo hapo.

Leo nimeweka. Safi. Nikaendesha tena kwa mzigo wa Newala, > ileile, ikafuta ya mwanzo yote. Zilitakiwa mbili, >>, ndipo mapya yaongezwe chini ya yale ya zamani. Kubangua korosho kwa mkono kuna afadhali, jamani! Na ujumbe wa makosa hauingii hata kwenye faili, mpaka uandike 2>&1 baada ya jina la faili. Hirizi hiyo.