Kaza Hadi Ilie

Kuna harufu huwezi kuisingizia gari la jirani. Umesimama raundabauti ya Kondele, jua limekukalia utosini, oili inachuruzika kutoka tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, na kudondokea ekzosi, na moshi unakuja ndani kupitia matundu ya feni. Abiria wa matatu ya pembeni anakutazama kama mtu anayekaanga omena ndani ya bonneti.

Basi Jumapili hii gari limelala tangu jana, injini baridi kabisa, na mwenye gari, yaani mimi, amevaa ovaroli kwa heshima zake zote, tayari kubadilisha gasketi ya hiyo kava, ule mpira unaoziba oili isipite.

Muuza spea tumwache tu. Anauliza gari gani, unamwambia. Anauliza la mwaka gani, unamwambia. Kisha anakupa gasketi ya gari lingine. Panda boda uende na ile kuukuu mkononi, tena udai na sili nne za mashimo ya plagi. Zisipobadilishwa, plagi zitaogelea kwenye oili, gari litaanza kumisi, na yeye yule atakuuzia koili zinazopeleka umeme kwenye plagi.

Waya hasi wa betri umetoka. Koili zimetoka, ingawa klipu zake zimekaangwa na joto miaka mingi hadi zinavunjika ukizikoholea. Oili iliyojaa mashimo ya plagi inafyonzwa kwanza kwa kitambaa, maana ukifungua plagi ikiwa bado inaogelea, yote inashuka kwenye silinda. Na gasketi yenyewe? Zamani ilikuwa mpira. Sasa inakatika kama biskuti.

Hapo ndipo alipofika. Kila ploti ina mmoja. Hana gari, ana kijiti cha meno.

"Omera, injini imekufa?"

"Haijafa. Ni gasketi."

"Paka silikoni. Kote. Tyubu nzima."

Nikamjibu kwa upole wa mwalimu wa sande skuli: gasketi ya mpira inakaa kavu kwenye mfereji wake. Silikoni ni tone moja, kama punje ya mahindi, pale pembeni tu ambapo kifuniko cha cheni kinakutana na silinda hedi, upande huu na upande ule. Ukipaka kote, ile inayofinywa kwa ndani itakatika, ishuke hadi chujio la pampu ya oili, na injini ife kiu huku sampu, bakuli la oili la chini, imejaa.

Akanitazama kwa huruma.

"Binamu yangu alipaka tyubu mbili."

"Na gari lake liko wapi?"

"Aliuza."

Nikanyamaza. Nikakwangua mabaki kwa kadi kuukuu ya benki, maana bisibisi ingechora aluminiamu na kuacha njia mpya ya oili kupita. Nikalaza gasketi, nikashusha kava, nikaingiza boliti zote kwa vidole kabla ya kugusa spana. Katikati kwanza, kisha kwa kuvuka huku na huku kuelekea nje, raundi mbili tatu. Ni boliti nyembamba za milimita 6, nyingi zinataka nyutoni-mita 10 hivi, basi. Mpini mfupi.

"Kaza."

"Imekaza."

"Hiyo ni ya kike. Kaza hadi ilie!"

"Mkubwa, hii ni alumini..."

"Kaza, mwanamume!"

"HAILII! INACHANIKA! Thredi zikitoka utakuja wewe kuzichonga? Boliti ikikatikia ndani utaitoa na hicho kijiti?"

Watoto wakaacha mpira. Hata kuku wa mama wa nyumba ya tatu alisogea.

Na bado kuna vali ya PCV, kijidude kinachopumulia injini. Ikiziba, mvuke wa ndani ya injini hukosa pa kutokea, ukasukuma hata gasketi mpya. Nzima hulia kachakacha ukiitikisa. Hii ilikuwa kimya kama mdeni. Shilingi nyingine hizo, na silikoni nayo inataka saa zake za kukauka kabla hujapiga stata, soma tyubu.

Mwenzangu yuko palepale. Sasa anauliza kwa nini napangusa oili na fulana ya kampeni. Swali zuri, kwanza. Fulana hizi hazifyonzi chochote! Zinasambaza tu, kutoka kava hadi kiwiko. Afadhali shuka kuukuu la pamba, lakini nani atakubali kutoa shuka nyumba hii? Fulana tunazo sita. Na hii imefuliwa mara moja tu, uso wa mheshimiwa umeshafutika, yamebaki meno.