Ndege wa Lukwika na wazee wanaowajua

Kila ninapotoka Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule na marafiki zangu, maoni yangu yanazidi kukaza: pori lile la Nanyumbu ni la kuendea ndege kwanza, na watu wa kutuonyesha ndege hao ni wazee warina asali wa vijiji vya jirani. Wazee hao bado wapo. Hatuwatumii.

Wengi wetu huku Mtwara tunasafiri na picha ya Serengeti kichwani. Gari linakimbizwa, dereva anatafuta simba, na asiyemwona simba anarudi Masasi amenuna. Lakini miombo si mbuga ya nyasi fupi. Miti imebanana, na mnyama anaweza kusimama karibu kabisa na barabara usimwone. Ndege ndio wanaojitokeza tangu alfajiri: hondohondo wanaitana, keremkerem wanachomoka kwenye mashimo waliyochimba kwenye kingo za mto, na furukombe analia juu ya Ruvuma kiasi cha kusikika ng'ambo ya Msumbiji. Zima injini, shuka pale askari wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, anapokuruhusu, nyamaza. Darubini moja inawatosha watu wanne mkipokezana.

Safari moja tulimwomba mzee wa Kiyao, aliyerina asali tangu ujana wake, atusindikize pamoja na askari. Hatujawahi kuona ndege wengi kama siku ile, na wengi wao aliwajua kwa sauti tu. Katikati ya asubuhi alisimama ghafla. Juu ya mti kulikuwa na kelele kama kiberiti kinachotikiswa. Mwenzetu mmoja alikuwa bado anapekua picha kwenye programu ya simu mzee alipokwisha sema, "Mlembe huyo."

"Babu, umemjuaje na hujamwona?"

"Anatuita, mjukuu wangu. Anadhani tumekuja na shoka."

Tulipomwona, alikuwa ndege mdogo wa kahawia iliyofifia, mwenye manyoya meupe pembeni mwa mkia. Mtu anayetafuta rangi angempita. Kwangu mimi hakuna ndege wa kusini mwenye habari kubwa kuliko yeye. Mlembe anajua mzinga ulipo lakini hawezi kuupasua, na nyuki wanaweza kumuua. Binadamu ana moto na shoka. Basi ndege anaongoza, mtu anarina, na masega yanayobaki ndiyo ujira wa ndege, kwa sababu tumbo lake linaweza kusaga nta. Mwaka 1588 mmisionari Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala, pwani ya Msumbiji, alimwona ndege huyu akiingia kanisani kula nta ya mishumaa.

Ng'ambo ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa, mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake waliwafuata warina asali wa Kiyao, ndugu wa Wayao wa Masasi, Nanyumbu na Tunduru. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Mrina asali akitoa mwito wa jadi, ulimi unaotetemeka kisha mguno mfupi, uwezekano wa kuongozwa na mlembe hupanda kutoka kama asilimia 33 hadi 66. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 ukawalinganisha na Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, wanaomwita kwa mluzi. Ndege wa kila mahali waliitikia mwito wa wenyeji wao zaidi kuliko mwito wa ugenini. Maana yake ni kwamba mwongozaji aliyesomea chuo cha mbali, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuja Nanyumbu na mwito wa kwingine akaelewana na mlembe wa hapa vizuri kama mwenyeji. Lazima afundishwe na mtu wa hapa, na watu hao wanazeeka.

Najua wahifadhi watasema nini. Moto wa mrina asali usipozimwa vizuri unaunguza pori, na mti ulioangushwa kwa debe moja la asali hauoti tena upesi. Hoja hiyo ina uzito na siipingi. Siombi mashoka yaruhusiwe ndani ya pori la akiba. Ninachoomba ni mzee alipwe ujira wa siku atembee na wageni kando ya askari, na vijana wanaotaka kazi ya kuongoza watalii wapangiwe kutembea naye msimu mzima. Nje ya mpaka wa pori, kwenye misitu ya vijiji, wakina baba hawa waweke mizinga, na mlembe alipwe nta yake huko.

Nasi wenyeji tuna sehemu yetu. Lami inafika Mangaka, makao makuu ya wilaya ya Nanyumbu, na fedha za korosho zinapoanza kuingia Oktoba, mvua bado. Ndio wakati wa vikundi vya marafiki kuchanga mafuta ya gari na kwenda. Katika kundi letu tumekubaliana kwamba ujira wa mzee unatengwa kabla ya kitu kingine chochote. Yeye ametuomba jambo moja tu: safari ijayo mjukuu wake aje naye, na kiingilio cha kijana tukilipe sisi. Tutalipa.