Kiduha: tuyanyamazishe mazao au tuulishe udongo?

Mkulima wa ukanda wa Ziwa Victoria anapoona maua ya zambarau ya gugu liitwalo kiduha kati ya mahindi yake, hasara imeshatokea. Kiduha huishi chini ya ardhi kwa wiki kadhaa kabla ya kuchomoza, kimeng'ang'ania mzizi wa mhindi, kinanyonya maji, madini na sukari. Mahindi hudumaa na kunyauka hata kama mvua ni nzuri. Wajaluo hukiita kayongo. Kwa mgeni wa shamba hilo ni ua zuri tu.

Wanaotafuta dawa yake wamegawanyika. Kuna wanaoweka tumaini kwenye mbegu: mtama au mahindi ambayo kiduha hakiwezi kuyagundua au kuyavamia. Wengine wanasema kiduha ni dalili tu, na ugonjwa wenyewe ni udongo uliochoka. Mimi naona huwezi kuwapima vizuri bila kujua mmea huu ulifikaje hapa ulipo.

Kunyonya wenzao ni tabia iliyozuka kwa mimea ya maua takribani mara 12, kila mara katika ukoo tofauti, na leo wanyonyaji hao wanakaribia spishi 4,500. Kiduha hakijafika mwisho wa njia hiyo. Bado kina majani ya kijani na hujitengenezea chakula kiasi, tofauti na Rafflesia wa misitu ya Asia asiye na jani wala shina. Lakini mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba, na ikiota mbali na mzizi hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo husubiri, hata zaidi ya miaka 10, mpaka isikie harufu ya mwenyeji.

Harufu hiyo ni strigolaktoni, kemikali inayotolewa na mizizi. Ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1966, na kwa miaka karibu 40 haikujulikana kwa nini mmea utoe kitu kinachomwamsha adui wake. Jibu lilipatikana mwaka 2005: ni wito kwa kuvu rafiki wanaoishi kwenye mizizi na kuuletea mmea fosforasi. Mmea wenye njaa ya fosforasi huita kwa nguvu zaidi. Kiduha kimejifunza kudukiza wito huo. Jeni ambayo kwa mimea mingine husaidia mbegu kutambua kemikali za moshi baada ya moto wa nyika, ndani ya kiduha imejirudufu hadi nakala 11, na baadhi ya vipokezi vyake hunasa strigolaktoni hata ikiwa kidogo mno.

Hapo hoja ya udongo inapata uzito wake. Shamba lenye njaa ndilo linalopiga kelele.

Hata hivyo hoja ya mbegu si ya kupuuzwa. Mtama umeishi na kiduha hapa Afrika kwa maelfu ya miaka, na aina zake chache zina badiliko katika jeni iitwayo LGS1, linaloufanya utoe strigolaktoni ya aina nyingine ambayo haikiamshi kiduha sana. Mahindi yalitoka Amerika karne chache tu zilizopita, hayakuwahi kuzoeana na adui huyu, na ndiyo maana yanaumia zaidi. Kuyapa kinga ni kuyafupishia safari ndefu.

Lakini safari hiyo ina gharama. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mtama wenye badiliko hilo hupatikana sehemu nyingi zenye kiduha, ila kwa uchache, na kwamba jeni zake za usanisinuru hufanya kazi kwa kiwango cha chini kidogo. Kama kunyamaza huko, yaani kutokiamsha kiduha, kungekuwa bure, naamini mtama karibu wote wa maeneo hayo ungekuwa umenyamaza zamani. Tena kiduha cha zambarau huchavushana mmea kwa mmea, kwa hiyo kina jeni mchanganyiko na uwezo mkubwa wa kuzoea kinga yoyote inayosimama peke yake.

Kenya ilijaribu pia mahindi ambayo mbegu zake zimepakwa dawa ya kuua magugu iitwayo imazapiri, yaliyouzwa kwa jina Ua Kayongo. Dawa huua kiduha mara tu kinapojishika kwenye mzizi. Tatizo ni kwamba huua maharage vilevile, na mkulima mdogo wa magharibi mwa Kenya hupanda vyote viwili pamoja. Asiponawa mikono kabla ya kushika mbegu za maharage, anayapoteza.

Njia ya upande wa udongo ni desmodiamu, mmea wa malisho uliofanyiwa kazi na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya; hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hutoa kemikali zinazozuia kiduha kushika mzizi wa mhindi, nayo ikiwa jamii ya kunde huongeza naitrojeni. Naipenda zaidi kwa sababu inagusa njaa yenyewe. Ila inachukua nafasi ya maharage, mbegu yake haipatikani kirahisi, na faida yake kubwa humwendea mwenye ng'ombe wa kulisha majani hayo. Mjane mwenye nusu ekari na hana hata mbuzi hawezi kuambiwa asubiri misimu mitatu udongo upone. Huyo apewe mbegu yenye kinga msimu huu, pamoja na samadi, na ang'oe kila kiduha kabla hakijachanua, maana mmea mmoja huweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu.