Kiharusi Sengerema, CT Skani Mwanza: Asimame au Apitilize?

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, Busisi hadi Kigongo ni dakika chache za gari, mahali ambapo mgonjwa alikuwa akisubiri kivuko. Limebaki swali la hospitali. Mtu aliyepooza upande mmoja ghafla (kiharusi) huko Sengerema aanzie hospitali ya karibu, au apitilize hadi Bugando, hospitali ya rufaa jijini Mwanza?

Wanaosema apitilize wana hoja nzito. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho (aliyeamka amepooza huhesabiwa tangu alipolala). Na haitolewi bila CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, kwa sababu mshipa ulioziba na uliopasuka huonyesha dalili zilezile.

Lakini sukari iliyoshuka nayo huiga kiharusi. Kidole kikitobolewa, glukosi ikaingia, mgonjwa akaanza kuongea, safari imeishia hapo. Anayekoroma na kutapika, akilazwa chali kwenye teksi, huenda asifike hata Usagara, njiani kwenda Mwanza. Huyo anahitaji kulazwa ubavu, kufyonzwa mate, oksijeni na muuguzi wa kumsindikiza.

Kwa maoni yetu asimame, ila asikawizwe. Kilomita hazimcheleweshi sana kama yanavyomchelewesha majibu ya damu yasiyobadili uamuzi wowote, dripu inayongojwa iishe, mafuta ya gari la wagonjwa, na fomu ya rufaa inayomsubiri daktari wa zamu. Simu ipigwe Mwanza kabla gari halijawashwa. Fomu itaje saa ya mwisho ya uzima, presha, sukari, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mengine yatafuata.

Njiani asipewe aspirini kabla ya CT, wala uji, maana huingia mapafuni. Presha ya 190/100 nayo huwatia watu kiwewe wakaishusha kwa pupa, kumbe mshipa ukiwa umeziba, presha hiyo ndiyo inayosukuma damu kwenye ubongo ambao bado haujafa.

Kisiwani Ukerewe hesabu ni nyingine. Meli ya Nansio hutumia kama saa 3 hadi Mwanza, na haiondoki kila saa. Anayezunguka kwa Rugezi na Kisorya naye hukuta kivuko. Dalili zikianza saa 2 usiku, muda wa dawa utaisha kabla hajavuka. Wapo watakaotaka boti ya kukodi usiku huohuo. Kama anapumua vizuri, ni afadhali alale hospitalini Nansio, apimwe kama anaweza kumeza, ageuzwe kila baada ya saa 2, apande meli ya asubuhi huku Bugando wakiwa na taarifa zake.