Majoka wa Nakuru hana jina

Siku ya kufunga shule, mwigizaji wa setibuku, yaani vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni, akipita stendi ya matatu hapa Nakuru, wanafunzi hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita Majoka. Wakati tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa ikitahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, vikundi vya maigizo vilizunguka shule hadi shule, maleba kwenye mfuko wa gunia, vikimpelekea kila kidato cha nne dikteta wake wa Sagamoyo. Kitabu kikabadilishwa, ikaja Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na Majoka akavua joho akawa Yona, mume mlevi wa Sara. Maelfu ya watoto wanaijua sura yake, jina lake hakuna anayelijua.

Ubishi usiokwisha miongoni mwa waigizaji wa Nakuru, Kisumu na Kakamega ni kama hiyo ni kazi, au ni kibarua cha kusubiria Nairobi.

Wanaosema "nenda Nairobi" wana hoja nzito. Vipindi vingi vya televisheni na matangazo ya biashara hurekodiwa huko, na odisheni mara nyingi hutangazwa leo ya kesho. Wa Nakuru anaweza kudamka, akasafiri kilomita 160 na kurudi jioni. Wa Kisumu ana zaidi ya 300 na nauli ya kukopa. Na nafasi moja ya runingani inaweza kubadilisha maisha: Charles Bukeko, mtu wa Busia, alikuwa ameigiza jukwaani muda mrefu kabla ya kipindi cha vichekesho cha Papa Shirandula kuanza katika runinga ya Citizen mwaka 2007, na ni runinga iliyomfanya kila mtu amwite Papa. Tangazo lake la Coca-Cola likavuka mipaka. Hakuna bwalo la shule litakalokupa hilo, hata uigize vipi.

Lakini umaarufu na riziki si ndugu wa toka nitoke. Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo hata Kisumu wakamwona wao, alikuwa Mzee Ojwang' wa vichekesho vya runinga, wa taifa zima, kwa miongo mitatu na zaidi. Uzeeni Wakenya walilazimika kumchangia. Alifariki 2015. Kama hivyo ndivyo yalivyomkuta uso uliojulikana kila sebule, anayepata mistari miwili ya askari jela, halafu anarudi kulipa kodi ya chumba Nairobi, atasema nini?

Setibuku, kwa upande wake, ni shule ngumu kuliko wengi wanavyokiri. Unaigiza bwaloni bila maikrofoni, harufu ya maharagwe ikitoka jikoni, mbele ya hadhira iliyokisoma kitabu mara tano. Ukisahau mstari watakukumbusha kwa sauti moja, kisha wakucheke. Ukimaliza, mnaingia garini kuelekea shule nyingine. Msimu ukiwa mzuri, mwigizaji huyu husimama mbele ya watu kila siku, wakati mwenzake wa Nairobi anasubiri simu.

Tatizo liko kwenye mgao. Kila mwanafunzi hutoa kidogo, shule hukusanya, na anayezungumza na mwalimu mkuu na bursa, mtunza fedha wa shule, ni kiongozi wa kikundi. Mafuta ya gari yakishatolewa, na chakula, na "gharama" ambazo hakuna anayeziona zikiandikwa popote, mwigizaji hupewa kilichobaki. Mkataba ni neno la mdomo. Novemba mtihani ukianza, msimu umekwisha.

Ndiyo maana nadhani tunabishana juu ya barabara badala ya kubishana juu ya nani anamiliki gari. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipokuja tamasha la kitaifa la maigizo hapa Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza, jina la mtu mzima lililovuma lilikuwa la mwandishi, Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega. Mwenye mswada hujulikana na hulipwa, iwe Nairobi au Kakamega. Ningekuwa na miaka ishirini na mitano, ningebaki hapa, nikaunda kikundi cha watu wanne wanaogawana sawa na kuandika hesabu. Nakiri si kila mwigizaji ana moyo wa kubembeleza bursa, na wapo ambao vipaji vyao vitadumaa wakibaki.

Tena saa inakwenda. Waliofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa darasa la nane, 2023 watafanya KCSE ya mwisho 2027. Katika mtaala mpya, maigizo na filamu ni somo la sekondari ya juu, na shule zitahitaji watu wa kulifundisha. Watakaoitwa ni wenye vyeti. Majoka amefundisha jukwaa kwa miaka bila kuandikiwa hata karatasi moja, na sijasikia chuo chochote huku kwetu kikijitolea kumpima kwa kile anachokijua tayari.